Daktari wa Sola Afika Dukani

Nimechoka kuitwa daktari wa sola. Kazi yangu ni kupiga miale ya leza kwenye utando mwembamba wa plastiki, nione umeme unavyochomoka mwanga unapogusa tu, kwa kasi ambayo kupepesa jicho ni uzembe. Naifanyia kwenye chumba chenye giza totoro, maana mwanga wa nje ukipenya, vipimo vyote vinaharibika. Ndugu zangu wanasikia neno moja tu: sola.

Jumamosi mchana Baba Mdogo, mwenye duka la paneli Kariakoo, akanipigia. "Njoo haraka, kuna mteja anasema nimemuuzia paneli mbovu."

Nikafika nimenuna. Mteja, mama mmoja wa Buguruni, alikuwa amesimama mikono kiunoni kando ya paneli aliyoirudisha. Nikamwamkia, nikashika mita ya umeme yenye kioo kinachowaka, nikaanza kuamrisha kama niko kazini kwangu.

"Shusheni mlango. Zimeni taa. Simu zote mfukoni."

Wakatii. Nikapima, ikasoma sifuri. Nikageuza nyaya, sifuri tena. Humo humo gizani nikawapa mhadhara mrefu kuhusu safari ya mwanga, kisha nikatoa hukumu: "Baba Mdogo, mama ana haki. Paneli imekufa. Umemuuzia takataka!"

Kisha yule mama akaongea taratibu, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Mwanangu, mimi sijasoma. Lakini hata mimi, kule nyumbani, niliiweka juani."