Kura Moja Iliyoharibika

Mwantum binti Mtoro hakuwa mtu wa kusukumwa. Kibiti nzima ilimjua: mjane, mkunga wa zahanati, mwanamke pekee wa hapo aliyefika darasa la nane, na kwa hiyo mwanamke pekee aliyepata haki ya kupiga kura mwaka ule wa hamsini na nane. Sheria ya Mwingereza ilimtaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Ukimwacha mmoja, kura yako imeharibika.

Hata wanachama wa chama cha kudai uhuru walimsihi apige tatu, tushinde kwanza, mengine baadaye. Mwantum aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mie kadhi hajapata kuniozesha waume watatu siku moja." Siku ya kura akamtia alama mmoja tu, yule Mwafrika wake, akatoka kichwa juu. Ila nje ya hapo alifunga mdomo, maana mtumishi wa serikali akijulikana mkaidi, kazi hana.

Matokeo yakasomwa barazani. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kakaa kitini, karani Sadala kashika karatasi. Yule wa Mwantum kashinda kwa mbali, vigelegele vikapigwa. Sadala akangoja vitulie, kisha akacheka.

"Iliyoharibika, moja. Kuna mtu hapa hajui kuhesabu hadi tatu!"

Macho yakamwendea Mzee Abbasi wa Mtunda, aliyepata kura kwa ukubwa wa mashamba yake ya mpunga, shule hakuiona hata kwa mbali.

"Wallahi nilipiga tatu," mzee akasema. Nani amsikilize? Watu walikuwa wanashika mbavu.

Mwantum alikuwa na kazi ya kuilinda, naam. Lakini kumvisha mzee wa watu aibu isiyo yake, hapana! Akasimama.

"Kura hiyo yangu. Na kuhesabu najua, Sadala. Mkeo alipojifungua watatu wewe ulizimia mlangoni. Nani aliyewahesabu?"

Baraza zima likaangua kicheko. Bwana Shauri akauliza mama huyu anasema nini.

"Anakiri, bwana," Sadala akajibu, jasho likimtoka.

"Nakiri. Niliyemtaka nilimpa. Hao wawili mliwataka nyie, wapigieni nyie."

Jumatatu akanyang'anywa funguo za zahanati. Alizitoa, akaenda zake kulima.

Siku ya tatu yake akasikia hodi. Alikuwa mke wa Sadala, uchungu umemshika, na nyuma yake mumewe na kikapu cha nguo, macho chini.

"Pita ndani, mwanangu," Mwantum akasema, akimshika mkono. "Na wewe Sadala, kaa hapo kizingitini. Safari hii utahesabu mwenyewe."