Kura ya Maharage

Nilipopewa kazi ya kuongoza mikutano ya mpango wa kusafisha kijito chetu, niliambiwa sababu ni kwamba nimesoma. Baadaye nilielewa kuwa sababu ya kweli ni kwamba nazungumza Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili cha Bukavu, nilikokulia, na kwamba sikuwa na shughuli nyingine. Insha zangu zina wasomaji wachache na waaminifu, na wengi wao ni ndugu zangu wa damu.

Kijito hicho kinaanzia kwenye vilima vya Gitambi na kuteremka hadi mashamba ya mpunga ya tambarare ya Bugarama. Mvua ikinyesha kinageuka rangi ya chai ya maziwa. Wakulima wa mpunga huko chini walikuwa wamechoka kuchimbua matope kwenye mifereji yao, na akina mama wa juu na wa chini walikuwa wamechoka kukesha na watoto wanaoumwa matumbo. Ndipo mpango ukaletwa kutoka ofisini Cyangugu, ukiwa na sharti moja zuri: safari hii hakuna kitakachoamuliwa bila wenyeji. Wenyeji wakaitwa wadau. Ukishakuwa mdau unapewa kiti cha plastiki, soda na mandazi, halafu unaulizwa maoni yako.

Maoni yalipatikana haraka kuliko nilivyotarajia. Kila mtu alijua kwamba matope hayo ni udongo wetu wenyewe, kwa kuwa tunalima hadi jembe linagusa maji. Ikapendekezwa tuache ukanda pande zote mbili za kijito, mpana kama barabara ya gari, upandwe mianzi na majani ya ng'ombe. Ulikuwa mpango mzuri. Mpaka leo naamini hivyo, na ndiyo maana inaniwia vigumu kusimulia yaliyofuata.

Kwa wengi ukanda huo ulikuwa kupoteza ncha ya shamba, mstari mmoja wa mihogo. Lakini kuna mahali ambapo kilima kinashuka ghafla, kijito kinapinda, na katikati kinabaki kipande chembamba cha udongo mweusi. Hapo palikuwa na bustani ya magimbi, na bustani hiyo ilikuwa ndani ya ukanda yote, tangu shina la kwanza hadi la mwisho. Ilikuwa ya mama mdogo, mdogo wake mama yangu, na mume wake.

Nilimtembelea kabla ya mkutano wa kuamua. Mume wake alikuwa amelala chumbani, mahali alipolala tangu kiharusi kilipomchukua upande mmoja wa mwili.

"Ni nani ule?" aliuliza.

"Ni mutoto ya dada yangu, ule wa masomo mingi," mama mdogo alijibu.

"Amepata kazi?"

"Iko na kazi ya maji."

"Maji inashuka yenyewe. Banamulipa ju ya nini?"

Nilicheka. Kisha akaniuliza kama nimepita kwenye bustani yake. Aliilima mara ya kwanza yeye mwenyewe, kwa jembe la kuazima, mwaka waliorudi kutoka Congo, wakati watu wote walimwambia pale ni matete na vyura tu. Nilimwambia magimbi yamenifika kiunoni. Alifumba macho, akatulia kama mtu aliyewekewa chumvi ulimini.

Nje, mama mdogo alinivuta pembeni.

"Habari ya ule ukanda, usimuambie hata kidogo. Ile bustani njo inamushikilia asikufe."

Nilimweleza kwamba hakuna haja ya kufika huko. Sharti la mpango lilikuwa wazi: mdau mmoja akipinga, mahali pake panatafutiwa njia nyingine. Na njia nyingine ilikuwepo. Kwenye ile kona ungeweza kujengwa ukuta mfupi wa mawe, na bustani ikabaki. Kilichotakiwa ni yeye aseme hapana.

"Niseme hapana mbele ya batu?"

"Hutasema mbele ya mtu yeyote, mama mdogo. Itakuwa kura ya siri."

Aligeuza macho kwenye ukuta wa nyumba, ambako ingobyi ilikuwa imeegemezwa. Hiyo ni machela yetu ya kusukwa, ya kubeba wagonjwa. Kila kaya ya kilima imo kwenye kikundi chake, na mchango mkubwa ni bega. Kila mara mumewe alipotakiwa kituo cha afya, wanaume wa jirani walikuja na kumteremsha mpaka barabarani. Wakati ule niliiona machela hiyo kama chombo tu kilichowekwa ukutani.

Kura ya siri ilikuwa fahari yangu. Kila mdau alipewa harage jekundu na harage jeupe. Jekundu ni kukubali ukanda kama ulivyochorwa, jeupe ni kupinga. Unaingia nyuma ya pazia, unatumbukiza moja kwenye bidoni, lile dumu la njano la kuchotea maji, la pili unalificha mfukoni. Nilieleza kwa lugha tatu, nikitembea huku na huko kama padri wa Pasaka.

Mkulima mmoja wa mpunga, mzee wa kofia ya kufuma aliyepanda kutoka Bugarama, aliinua maharage yake juu.

"Sasa Projet, muntu moja maharage mbili? Hii tutapika na nini?"

"Pika na maji ya kijito," alidakia jirani wa mama mdogo, mwanamume mwenye mabega mapana na sauti ya kwaya. "Haiombe hata chumvi, iko na udongo tayari!"

Watu walicheka sana. Tangu siku hiyo kilima kizima kiliniita Projet, yaani Mpango.

Tulipomimina bidoni juu ya meza, maharage yalitoka mekundu. Nililitikisa, nikachungulia ndani, nikalitikisa tena. Hakuna hata jeupe moja. Watu walipiga makofi, na mgeni wa kutoka ofisini alinishika mkono akasema hajawahi kuona ushirikishwaji wa namna hiyo.

Nilimkuta mama mdogo njiani, mandazi yake kayafunga kwenye kitambaa ampelekee mgonjwa.

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Ilikuwa siri!"

"Siri ya nani? Leo harage nyeupe moja ingetoka mule, bangeuliza ni ya nani? Nani mwingine iko na bustani yote mule ndani?"

Nimesoma takwimu miaka kadhaa, na hilo halikuwa limenijia.

"Na kama wangejua? Kuna mtu alikuambia hawatambeba tena mzee?"

"Hakuna. Nani anaweza sema vile? Bangekuya tu." Alikaza fundo la kitambaa. "Lakini bangechelewa."

Nilimwambia bado naweza kurudi ofisini, nikaeleza. Alinikataza kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. Ningeeleza nini, na kwa jina la nani? Katika ripoti niliandika kwamba wadau wote waliafiki. Ilikuwa kweli, na nilipongezwa kwa ufasaha.

Mama mdogo aliyang'oa magimbi mwenyewe kabla ya siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja, ili asione wengine wakiyang'oa. Ikapandwa mianzi, na kati yake majani ya ng'ombe. Mpango ulimruhusu kukata majani hayo kwa ajili ya mifugo yake. Hana ng'ombe. Tangu hapo alinunua magimbi sokoni, akiyachagua yenye udongo, na kuyasafishia karibu na mlango wa chumba ili mume wake asikie kisu kikikwangua. Nilipokuja kuwasalimu na mimi nilipewa. Nilikula nikisifu bustani.

Mvua za masika zilipoanza, mzee alibanwa na kifua. Nilikuwepo asubuhi waliyokuja kumchukua. Hawakuchelewa. Walikuja na mvua mgongoni, wa kwanza akiwa yule jirani wa mabega mapana, wakamlaza ndani ya ingobyi na kumfunika turubai mpaka shingoni. Nilijitolea kushika mti wa mbele.

"Projet, weye iko mufupi, utamwanga mzee," alisema jirani. "Shika nyuma na huyu mwenzako mufupi."

Kutoka kwenye nyumba ile njia zinagawanyika. Ya chini ni fupi, inafuata kijito na kupita kando ya ile kona. Ya juu inapanda mgongo wa kilima kati ya miti ya kahawa, kisha inateremka upande wa pili, mawe na utelezi mtupu. Tulipofika kwenye njia panda, mama mdogo, aliyekuwa mbele na mfuko wa nguo, alisimama. Aliwatazama tu. Jirani aliitazama njia ya chini, akamtazama mgonjwa, akageukia njia ya juu. Wenzake wakamfuata bila kuuliza. Kila mmoja wao alikuwa ametumbukiza harage jekundu.

Nilipoteza pumzi kabla ya mti wa kwanza wa kahawa.

"Kwa nini tunapanda?" mzee aliuliza kutoka ndani ya turubai.

"Kule chini matope ni mingi, Papa," jirani alijibu akihema.

"Mateso ya bure. Nilitaka kuona bustani yangu."

Walitembea hatua kadhaa, miguu ikiteleza. Kisha kijana mmoja wa mbele akasema, "Imejaa, Mzee. Hata pa kukanyaga hakuna."

"Njo vile," alisema mzee. "Ile udongo haikuangushi."

"Projet!" jirani alipaza sauti. "Badilisha bega, unatuegemea!"

Mzee alicheka kwa kikohozi. Nilibadilisha bega. Mvua ilinisaidia, maana hakuna aliyeweza kujua kilichokuwa usoni mwangu.

Kutoka kituo cha afya walimpeleka hospitali, na huko hakukaa sana. Gari lilimrudisha hadi barabarani likaishia hapo. Wabebaji walikuwa wameshafika, wakisubiri chini ya paa la duka, ingobyi ikiwa imetandikwa shuka jeupe. Tulimfunika kwa shuka hilo mpaka kichwani, tukapanda. Tulipofika njia zinapogawanyika, hakuna aliyesimama na hakuna aliyemtazama mama mdogo. Walichukua njia ya chini, iliyo fupi.

Mianzi ilikuwa imeanza kushika. Kijito kilipita pembeni yetu licha ya mvua yote ile, na ungeweza kuona mawe chini ya maji. Mama mdogo alitembea nyuma ya machela, macho yake kwenye shuka. Pale kwenye kona wabebaji walibadilisha bega, kama walivyozoea, wakaendelea.