Nilipozilainisha Ngazi za Mama

Naikumbuka wiki moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo ningepewa tena nisingeitumia kama nilivyoitumia. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi seremala katika karakana moja ya Mbeya mjini. Useremala nilirithi kwa baba, lakini kule Mbeya ndiko nilikojifunza kumalizia kazi: kupiga msasa mpaka ubao uwe laini kama shavu la mtoto, kisha kupaka vanishi mara tatu, kila mara ukisubiri ikauke. Msimamizi wetu alikuwa akiwaita watu waje waone meza zangu. Sifa zile zilinivimbisha kichwa, nakiri.

Nyumbani kwetu kulikuwa Kihesa, Iringa. Nyumba ilikaa kwenye mteremko, hivyo baba aliijenga kwa ghorofa moja ndogo: chini jiko na stoo, juu vyumba vya kulala, na katikati ngazi za mninga alizozichonga mwenyewe. Baba alifariki nikiwa Mbeya. Nilikuja kumzika, nikakaa siku nne, nikarudi kazini. Baada ya hapo ilipita miaka miwili sijatia mguu nyumbani. Nilikuwa natuma barua, na majibu yalikuja kwa mwandiko wa dada yangu Matilda, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akiishi na mama. Mama anasalimia, mama ni mzima. Sikujiuliza kwa nini mama, aliyekuwa akijua kuandika vizuri, ameacha kuniandikia kwa mkono wake.

Nilipopata likizo nikapanda basi, nikafika Kihesa nikamkuta Matilda peke yake. Mama alikuwa amepelekwa Kalenga kukaa na mama mkubwa aliyekuwa mgonjwa, na angerudi baada ya wiki. Nilipanda ngazi kwenda kuweka mzigo wangu, kipandio cha pili kikalia, cha tano kikabonyea chini ya kiatu. Mvua ilikuwa ikipenya kwenye bati na kudondokea pale, mbao zikaoza. Ule ubao wa kushikia, unaoshuka pembeni mwa ngazi kutoka juu mpaka chini, ulikuwa umefifia na kuchubuka. Nikaona aibu. Mtoto wa fundi, na yeye mwenyewe fundi, mama yake anapanda ngazi za namna hii! Nikamwambia Matilda kwamba mama akirudi ataikuta nyumba mpya.

Matilda akasema, "Kaka, ungemsubiri mama umuulize. Hizi ngazi ana mambo yake nazo."

Nikacheka. Nikamwambia mtu haulizwi kama anataka kutendewa wema. Yeye hakubishana, akaenda zake shuleni.

Vipandio vibovu nilivitoa, nikaweka vya mninga mpya, na kazi ile hata leo siioni kosa lake. Kisha nikaung'oa ubao wa kushikia, nikaulaza juu ya meza uani nikaugeuza. Upande wa chini, pale vidole vinapozungukia, nikakuta mikato ya patasi. Karibu na mwisho wa ngazi ilikuwepo mitatu iliyofuatana, mbele yake miwili, mbele zaidi mmoja. Na kule juu vilevile. Nikadhani ni michezo ya watoto wa jirani, au ni alama baba alizojiwekea alipokuwa anapima. Nikachukua randa. Ilinichukua muda mfupi sana, mwanangu, muda wa kunywa kikombe cha chai. Maranda nikayafagia na kuyawashia moto jikoni.

Mama alirudi Jumamosi, amesindikizwa na mtoto wa mama mkubwa. Alipofika mlangoni tu alinusa vanishi, akauliza nani yupo. Nilikuwa nimesimama mbele yake hatua tatu. Nikamsalimu kwa Kihehe, "Ni mimi, mama, kamwene," naye akanyoosha mikono yote miwili mpaka akaupata uso wangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba macho ya mama yamekwisha. Alikuwa amemkataza Matilda kuniambia, kwa barua wala kwa mdomo, nisije nikaacha kazi.

Nilimwongoza kwenye ngazi nikiona fahari bado, ingawa moyo ulikuwa umeanza kuuma. Akaweka kiganja kwenye ubao, akapanda taratibu, vidole vikienda mbele na kurudi nyuma upande wa chini. Nilidhani anafurahia ulaini. Alipofika juu akasema, "Umeulainisha sana, baba." Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi ninayosifiwa Mbeya. Akanishukuru.

Siku mbili alishuka na kupanda akipapasa ukuta. Siku ya tatu asubuhi, siku ya safari yangu, alitaka kuninywesha uji kabla sijaondoka, akatangulia kushuka. Nilisikia kishindo kimoja tu. Alikuwa amedhani ameshafika sakafuni, kumbe vimebaki vipandio vitatu. Nyonga ilivunjika.

Sikurudi Mbeya. Nilikaa naye hospitali wiki nyingi, na kila nilipomuuliza ilikuwaje akaanguka kwenye ngazi alizozipanda miaka yote, alisema ni uzee. Mpaka siku moja nilipong'ang'ania ndipo akanieleza. Baba alipoona macho ya mkewe yanaanza kuingia ukungu, alichukua patasi akakata zile alama kwa chini ili wageni wasizione, maana mama alikuwa anaona haya. Mikato mitatu maana yake vimebaki vitatu, miwili viwili, mmoja kimoja. Ile ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya baba mikono yake ikiwa na nguvu.

"Kila nikishuka nilikuwa kama nimeshikwa mkono naye," mama alisema. Kisha akasema kwa upole, bila kuinua sauti, "Ungeniuliza tu, baba."

Nimewahi kutukanwa na watu wengi katika maisha yangu, mwanangu. Hakuna tusi lililoniingia kama neno lile.

Nilirudi nyumbani nikakata alama nyingine palepale kwa patasi ya baba. Mama aliporuhusiwa, majirani wawili walimbeba kumwingiza ndani, akaomba asogezwe kwenye ngazi. Akagusa mkato wa mwisho. Akasema upo mahali pake. Akaongeza kwamba ni mkono wangu, si wa baba, ila nao ni mzuri. Hakupanda tena. Tulimtandikia kitanda kule stoo, na masika yaliyofuata tukamzika kando ya mumewe.

Sikwambii haya ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu nawe una mikono mizuri na haraka nyingi. Unapotaka kutengeneza kitu cha mtu, hata cha mzazi wako, hata kwa mapenzi, keti naye kwanza. Muulize anakitumiaje, na nini asingependa kiguswe. Usipoijua maana ya alama, usiifute. Na wazazi wako usiwasikie kwa barua tu. Nenda uwatazame usoni, maana mzazi ni hodari wa kuficha maumivu yake asikusumbue.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, mwanangu. Akupe masikio mapana kuliko sifa zako, na wale unaowapenda akuachie nao muda wa kutosha kuwauliza.