Kipindi cha Upishi

Kwetu Amu, siku ya kupamba, bibi harusi huonyeshwa kwa wanawake peke yao, na simu zote hubaki mlangoni ndani ya kikapu. Kamera inayoingia ni yangu tu. Kila video yangu huanza na kikapu hicho, ndipo mlango ufunguliwe. Watu husema ni ufundi. Mimi najua ni ushahidi: picha ikitoka nje, imetoka kwangu.

Kompyuta naitumia pamoja na kaka yangu. Yeye hupakua vipindi kwa torenti, programu inayopakua huku ikiwagawia wengine, na kuwawekea watu kwenye flashi. Vipindi hivyo hushuka na majina marefu, nukta na tarakimu tupu, kwa hiyo kazi ya kuyabadilisha majina ni yangu. Nayabadilisha ndani ya programu yenyewe ya torenti. Ukibadilisha kwa nje, programu hupotelewa na faili zake, ikaanza kupakua upya, na bando haliokotwi ndiani.

Video za kupamba mimi huzificha kwa jina ambalo hakuna mwanamume atakayejisumbua kulifungua. Ile ya bibi harusi mmoja, binti wa jirani, niliitia katika folda niliyoiita "Kipindi cha Upishi", katikati ya vipindi vya kaka, nikajipongeza. Siku chache baadaye, nikisafisha orodha ya torenti, nikakuta mashindano ya wapishi yenye jina refu kama foleni ya kitambulisho. Nikayaita kwa kile yalichokuwa: Kipindi cha Upishi. Programu haikuuliza kitu. Ilichukua wapishi ikawatia katika folda iliyokuwapo tayari.

Niligundua nilipoketi kuikata na kuiunga video ile. Nikafungua folda, nikahesabu faili, nikahesabu tena. Bibi harusi wangu alikuwa juu kabisa, na chini yake wapishi wamejipanga. Nikamuuliza kaka, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka, kama kuna aliyechukua mapishi.

Akasema yupo mwalimu mmoja wa bara, anafundisha Faza, anakaa peke yake na amechoka na mayai. Kaka amemtilia folda nzima asubuhi ile, na sasa mwalimu yuko gatini anangojea boti. Kisha akanitazama.

"Mbona umekauka? Mwanamume haruhusiwi kupika?"

Niligeukia kompyuta. Kwenye skrini mshale wa kupakia ulikuwa hai, unatuma vitu kwa watu nisiowajua. Leo najua torenti hugawa kile ilichopakua yenyewe tu. Siku ile sikujua. Nikang'oa waya ukutani, nikiona nti zote za dunia zinamtazama binti wa watu, nywele wazi, hina mpaka viwikoni. Ndoa yake ilikuwa bado mbichi. Mumewe akisikia kwamba mkewe anatazamwa kwenye nyumba ya walimu Faza, hatauliza ni folda gani iliyokosewa jina.

Nikavaa buibui, nikachukua flashi mpya, kubwa kuliko ile aliyopewa mwalimu. Njiani nilijaribu maneno. Ukweli haukufaa: mwambie mtu asitazame, umeshamwonyesha pa kutazama. Punda walinizibia njia mara mbili na mara zote mbili nilidhani boti imeondoka.

Haikuwa imeondoka. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, kompyuta mapajani, imefunguliwa.

Nilimwambia flashi ile ina virusi, hii hapa nyingine, nimemletea. Mimi ambaye hununua samaki kwa kuondoka na kurudi mpaka bei ishuke, nilitoa kila kitu kabla hajataja chochote. Hata yeye aliona biashara haiko sawa.

"Kubwa kwa ndogo?" akasema. "Bi, kaka yako ananiambia hujawahi kumpunguzia mtu. Humu kuna nini?"

"Virusi, mwalimu."

Akainama, akaichomoa flashi ubavuni mwa kompyuta yake. Ilikuwa humo muda wote. Akaniwekea kiganjani bila kunitazama usoni.

"Nilifungua ya kwanza," akasema. "Nikaona kikapu cha simu mlangoni. Nimeishi huku miaka, najua simu zikiachwa mlangoni ni wapi. Nikafunga. Nilikuwa nataka kumpigia kaka yako, kisha nikaona haya ya kumweleza."

"Ulifunga palepale?"

"Palepale."

Nikamshukuru, nikamwachia ile kubwa, ambayo haikuwa na kitu ndani. Nyumbani nilikitazama kikapu kwenye skrini. Kilidumu muda wa kuvuta pumzi mbili tu, kisha mlango ulifunguka, na bibi harusi huyo hapo. Nikarudia kutazama. Ni pumzi mbili zilezile. Zinamtosha mwungwana, kama mkono wake ni mwepesi kufunga.

Mama wa bibi harusi aliipokea video akanisifu. Siku hizi kikapu nakirefusha. Wateja hulalamika kwamba kinachosha, na mimi, ninayekubali kujadiliana kila kitu, hapo sijadiliani.