Jumla ya 4718263

Usiniambie hesabu haidanganyi. Nilikuwa karani wa shamba la ngano huko Mau Narok, miaka ile ya hali ya hatari, na nilijiona msomi kuliko mzungu aliyeniajiri.

Kila mfanyakazi alikuwa na kipande cha kitambulisho chenye namba ndefu. Askari walitaka orodha ya namba hizo kutoka kwangu. Mtu ambaye kipande chake hakikulingana na orodha alihesabiwa kuwa amebeba cha mtu mwingine, na lori lilimchukua. Basi, hakuulizwa mengi.

Utaratibu ulikuwa watu wawili: mmoja asome kipande, mwingine afuate kwa kidole kwenye orodha. Kaka yangu, dereva wa trekta wa shamba hilohilo, alijitolea kunisomea. Nikamcheka. Shuleni nilifundishwa ujanja: jumlisha tarakimu za namba mpaka ibaki moja tu, halafu linganisha. Kipande cha kaka kilikuwa 4718263. Jumla thelathini na moja. Tatu na moja, nne. Kwenye orodha, nne vilevile.

"Wewe nenda kwa trekta yako," nikamwambia. "Hesabu niachie mimi."

Siku ya ukaguzi tulipangwa mstari uani. Mkubwa wa askari alikuwa ameshika kipande cha mtu, sikuona cha nani. Akaniita. "Karani, orodha yako ina makosa?"

"Hata moja, afande!" nikajibu kwa sauti, wote wanisikie. "Nimepima kila namba."

Ndipo nikaona ni kaka anayeshikwa mkono. "Waambie, bwana!" akanipigia kelele. "Si unanijua?" Nikasema ni ndugu yangu, tumbo moja. Afande akajibu, "Orodha ni sahihi, umesema mwenyewe. Basi kipande ni cha wizi." Wakampandisha lorini akiwa na nguo zake za kazi.

Lori lilipoondoka nikaitazama vizuri namba yake kwenye orodha. Loo! Nilikuwa nimeandika 4781263. Moja na nane zimebadilishana nafasi. Ukizigeuza tarakimu, jumla haibadiliki ng'o, na tofauti ya namba hizo mbili lazima igawanyike kwa tisa. Nikatoa: elfu sitini na tatu. Nikagawa kwa tisa: elfu saba kamili, bila baki. Ujanja wangu haukuwa na macho ya kuona kosa la namna hiyo, mjinga mimi.

Waliokamatwa walikaa Nakuru siku mbili kabla ya kupelekwa mbali. Kila mtu alijua. Gari la maziwa liliteremka huko kila asubuhi, na mimi ningeweza kupanda nikaseme: kosa ni langu. Lakini karani aliyeandika namba ya uongo naye angeitwa mwizi wa vipande. Niliogopa. Nilikaa ofisini nikichonga penseli.

Siku ya pili mke wa kaka akaja, mtoto mgongoni. "Shemeji," akaniuliza, "wewe ndiye msomi wetu. Ile namba ilikuwaje?"

Nikamwambia hata mimi sielewi.