Ndeshi Hakuwa Mwanafunzi Wako, Prof

Kichwa changu bado kinakataa. Siku ya Jumanne, Ndeshi aliniambia kichwa kinamgonga, nikamwambia kapime presha. Alhamisi asubuhi dada yake akanipigia analia.

Jana tumemzika kwao Marangu, migombani, pembeni ya baba yake. Nimelia mpaka nimechoka. Sasa nina hasira, na naziandika hapa hapa. Asiyetaka apite.

Kwa msiomjua: Ndeshi alikuwa mtaalamu wa maabara hapa Moshi. Tumefanya kazi meza moja miaka tisa. Masters aliisoma kwa likizo zake na jasho lake, na baada ya hapo alitaka kitu kimoja tu, PhD ya utafiti.

Utafiti wenyewe ulianzia kwa ng'ombe wa mama yake. Mama alikuwa anaugua homa, anatibiwa malaria, anapata nafuu, homa inarudi. Ndeshi akapima damu ya mama, akapima na maziwa. Kumbe ugonjwa ulitoka bandani, kwa maziwa yasiyochemshwa.

"Rehema, huku juu mlimani wangapi wanatibiwa malaria ambayo hawana?" aliniuliza. Hilo ndilo swali alilotaka kulisomea.

Kila Jumamosi alipanda huko na cool box yake ya sampuli, nyumba kwa nyumba, akiomba maziwa kidogo ya kupima. Alirudi mtaani kwetu Soweto, hapa Moshi, na matope hadi magotini, na ndizi alizopewa na kina mama. "Chukua hizi mshare upike mtori, acha kula chipsi kama mtoto!"

Sifa za kuingia PhD tulizikariri. Masters yenye ufaulu mzuri, anayo. Concept note, lile andiko fupi la utafiti, analo. Referees wawili, anao. Barua ya supervisor kukubali kukusimamia… hapo sasa.

Prof, bosi wetu wa lab, alikaa na ile concept note miaka minne. Mara "ongeza nyama kwenye background". Mara "tusubiri mradi uishe". Siku moja ukweli ukamtoka, mbele yangu: "Ndeshi, ukienda kusoma, hii lab nitamwachia nani?" Akacheka. Na sisi tukacheka, maana bosi akicheka utafanyaje.

Miaka hiyo hiyo walikuja vijana watatu kusoma PhD. Ndeshi aliwafundisha kuotesha vimelea, akawasahihishia kurasa zao, akawafungulia freezer hadi sikukuu ya Krismasi. Wote leo ni Dokta! Yeye kapata mstari mmoja kwenye shukrani za kila thesis.

"Nimeshukuriwa tena," alikuwa ananiambia. "Zikifika kumi watanipa joho?"

Na mimi nilimwambia nini? Mvumilivu hula mbivu. Kila mwaka. Alipotaka kwenda kwa mkuu wa idara nilimzuia, nikasema atamuudhi Prof. Kwa hiyo hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe.

Turudi jana. Ikafika zamu ya salamu za kazini, Prof akashika maiki. "Nimempoteza mwanafunzi wangu wa PhD." Watu wakaguna kwa huruma. Mimi nilishika kiti nisisimame.

Mama Ndeshi alikuwa ameinama muda wote. Akainua uso, akasema kwa upole kabisa: "Asante, baba. Hakuniambia kama alishapata. Hiyo barua ya shule mtaniletea? Niiweke na vyeti vyake vingine."

Prof akakohoa. "Iko kwenye mchakato, mama."

Mchakato! Mbele ya jeneza!

Prof, najua utasoma hapa. Ndeshi hakuwa mwanafunzi wako. Aliomba awe, ukamnyima. Jumatatu nakuja ofisini kuchukua ile concept note. Sahihi yako haihitajiki tena. Nampelekea mama, na nitamweleza kila kitu.

Na wewe mdogo wangu uliye lab mahali fulani: sifa zikitimia, tafuta supervisor mwingine, hata chuo kingine. Usimsubiri mtu ambaye faida yake ni wewe kubaki hapo hapo. Mimi nilimshauri mwenzangu asubiri, na mmeona.

Ndeshi wangu, nisamehe kwa kila "vumilia" niliyokuambia.

Jana baada ya mazishi mama alinipa chai ya maziwa. Nikashika kikombe bila kunywa, mawazo yakiwa mbali. Akadhani nayaogopa maziwa. "Kunywa mwanangu, yamechemka vizuri. Ndeshi alinifundisha."

Lala, mwalimu wangu. Lala salama, huko husubiri tena sahihi ya mtu.