Kabureta Kwenye Chungu cha Mama

Mtaani kwetu Ngamiani wanaume wote walitoka asubuhi wakarudi jioni, isipokuwa wagonjwa na mimi. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikingoja kazi ya ukarani. Kazi nayo, nadhani, ilikuwa ikiningoja mahali fulani, na hapakuwa na mwenye haraka kati yetu. Kwa wakati huo nilimsaidia mama, mjane, kupika sabuni ya mafuta ya nazi uani. Yeye alichanganya kostiki, yale magadi makali ya sabuni, na maji ndani ya chungu cha udongo, mimi nikakoroga kwa mti mrefu, uso nimeugeuza pembeni, kwa kuwa mvuke wake huchoma pua mpaka machozi yakutoke kama umefiwa.

Katika Ngamiani nzima hapakuwa na mpika sabuni aliyethubutu kutia kostiki ndani ya sufuria. Karai la chuma, sawa. Chungu, sawa. Sufuria nyeupe ya alumini, hapana: hutokota yenyewe bila moto, na ukirudi unakuta tundu. Hilo nililijua kabla sijajua alifu.

Aliyekuwa hajui ni dereva.

Dereva huyu alikuwa amepeleka posa kwa mjomba wangu, kaka yake mama, akimtaka binti yake. Alikuwa na gari kuukuu la kukodisha, nywele zilizopakwa mafuta hadi zikang'aa, na mdomo. Kila akipita mlangoni kwetu alipiga honi, akatoa kichwa dirishani: "Mwali, hujambo? Utatolewa lini ndani tuje na ngoma?" Majirani walicheka. Mimi pia nilicheka, maana nikijitazama sikuona alipokosea. Mama hakucheka hata siku moja. Kwanza alikuwa akitukaniwa mwanawe. Pili, tangu binti yule alipozaliwa, mama alikuwa amemweka moyoni kuwa mkwe wake, kwa kuwa kwetu binti wa mjomba haozwi nje kabla ya kuulizwa mtoto wa shangazi kama anamtaka. Mimi sikuulizwa nikajibu. Nilikuwa nakoroga sabuni.

Sasa, gari lile lilikuwa na ugonjwa wa kukohoa na kuzima. Mjomba alilipanda mara moja, likamfia katikati ya mashamba ya mkonge, njia ya Pangani, naye akalisukuma akiwa na kanzu yake ya harusini. Alirudi mwekundu kwa vumbi hadi kwenye ndevu. Ndipo alipompa dereva sharti moja tu: "Ijumaa baada ya sala utatupeleka Pangani, tukawaone wazee wako. Likizima, mimi nashuka, na posa yako inashuka pamoja nami."

Alhamisi asubuhi dereva akaja kulitengeneza mbele ya baraza letu, penye kivuli na maji. Alifungua kabureta, lile koo la injini ambamo hewa na petroli hukutana kabla ya kumezwa. Ndani mlikuwa na utando mweusi, mgumu kama masizi ya chungu cha zamani. Alikuwa ameuosha kwa petroli, akausugua kwa mswaki, wala haukujali.

"Shikamoo, shangazi. Naomba mafuta ya taa kidogo."

"Marahaba, baba." Mama hakuwahi kumwita baba. Nikaacha kukoroga. "Uchafu ulioshinda petroli utayaogopa mafuta ya taa? Hebu tazama hili." Akamletea karai la chuma alilolisugua kwa kostiki jana yake. Lilikuwa safi, unaweza kujitazama. "Hili lilikuwa jeusi kama moyo wa mtu. Nina dawa, mwanangu. Leta hicho kidude chako."

Dereva akakigeuza kidude mkononi. Kilikuwa cheupe, chepesi.

"Usitie," nikasema. "Hicho ni kama sufuria. Kitaliwa."

"Mwali, nyamaza. Haya mambo ya injini."

"Ni mambo ya sabuni. Kitaliwa, nakwambia."

"Shangazi, mrudishe mwanao jikoni, asije akaungua kucha."

Mama akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka kwa maneno ya mtu yule, na mimi nikapata baridi ya mgongo kwenye jua la Tanga. "Mwache huyo," alisema. "Vitabu vimemharibu."

Kidude kikazama. Papo hapo chungu kikaanza kuchemka, mapovu juu, mvuke, sauti kama samaki kwenye mafuta. Dereva akapiga makofi. "Uone uchafu unavyotoka! Loo! Shangazi, wewe ni fundi!"

"Kiache kiive," mama akasema, akaketi kusuka ukili wa mkeka wake.

Kilipotolewa alasiri, utando ulikuwa umetoka kweli. Na kilichokuwa kimeshikwa na utando kilikuwa kimetoka nao. Kidude kilikuwa na vishimo uso mzima kama mtu aliyepona ndui, na ubavuni matundu ya kupitisha kidole. Dereva alikishika kwa mikono miwili.

"Ala," mama akasema. "Mimi mwanamke wa sabuni, ningejuaje mambo ya magari?"

Usiku kucha, nasikia, alitafuta kabureta nyingine mjini asipate. Ijumaa alikifunga kidude kile kile, matundu ameyaziba kwa vipande vya sabuni yetu. Binti alikuwa kwetu tangu asubuhi, akifunga mikate ya kumimina ya kupelekwa ugenini. Mimi, kama kawaida, nilikuwa mbeba sinia. Mjomba akatoka msikitini na wazee wawili, wakapanda. Injini ikanguruma mara moja. Binti akashika kifua. Kisha petroli ikachuruzika, injini ikapiga chafya, ikanyamaza.

Mjomba alishuka, akafunua injini, akaingiza kidole kwenye tundu, akakinusa. Alikulia kwenye nyumba ya sabuni kama mama. Akamtazama dadake, na dadake akatazama mawingu.

"Ulikitia wapi?" akamuuliza dereva.

"Kwenye dawa ya shangazi. Shangazi ndiye aliyesema..."

"Shangazi anauza sabuni. Dereva ni nani hapa?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Umelala na gari hili, umeamka nalo, na hujui limetengenezwa kwa kitu gani. Mwanangu ungemjulia wapi?" Akakung'uta kanzu, akawageukia wazee. "Karibuni ndani, tule mikate yetu wenyewe."

Dereva akaanza kulisukuma gari peke yake kwenye mchanga, bega mlangoni, mkono mmoja kwenye usukani. Watu walitoka milangoni kutazama. Hapo binti akatoka, buibui likimteleza kichwani, mbele ya babake na mtaa mzima, akaweka mikono nyuma ya gari akasukuma.

Dereva aligeuka akamwona. "Toka!" akamfokea. "Toka hapo, unanitia aibu!"

Binti alitoa mikono. Gari likaenda kidogo, likakwama. Alisimama akimtazama mtu yule mpaka nadhani akamsoma akammaliza, kisha akarudi barazani akiwa na vumbi viganjani.

"Baba," alisema, "niozeni kwa yeyote mnayemtaka."

Wote wakanitazama mimi, na sinia langu la mikate. Nikageuka kuangalia kama nyuma yangu yupo mwanamume. Palikuwa na ukuta.